Majani ya Mwarobaini Chini ya Waipa

Kama gari lako liko uani, beba redio utoke nayo nje, tuzungumze ukiwa umesimama mbele ya boneti. Na kama huna gari, usihame stesheni. Bila shaka unaye shemeji mwenye gari, na kila akitoka gereji anakupigia simu umkopeshe. Mambo haya yanakuhusu.

Masika ya mwaka juzi gari langu, Toyota ndogo ya namba D kama zile zilizojaa Dar es Salaam nzima, lilianza kunuka. Haikuwa harufu ya samaki wala ya maziwa ya mtoto. Ilikuwa harufu ya godoro lililonyeshewa likakunjwa bichi. Nikanunua kile kimti cha marashi cha kuning'iniza kwenye kioo. Sasa likanuka godoro bichi lenye ndimu. Kisha siku moja mke wangu akaweka mkoba chini, pale miguuni pa abiria, na alipounyanyua ulikuwa unachuruzika. Kapeti lote chapachapa.

Nikaenda gereji moja, jina lake tuliache. Fundi akasema mrija unaotoa maji ya kiyoyozi umeziba. Akauzibua, nikalipa. Mvua mbili baadaye maji yakarudi. Fundi wa pili akasema hakuna namna, dashibodi ishuke. Ikashuka. Siku tatu niliendesha gari lina nyaya nje kama kuku aliyepasuliwa. Nikalipa tena, mara hii nimeuma meno, na mvua iliyofuata maji yakawa palepale.

Aliyelitibu ni jirani yangu, mzee aliyeendesha malori ya mizigo miaka mingi kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Alinikuta nimeanika kapeti ukutani. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka gari mara moja mikono ikiwa nyuma. Hakuuliza lina ugonjwa gani. Aliuliza, "Usiku unalilaza wapi?" Nikamwonyesha: pale chini ya mwarobaini. Mzee akatabasamu. Akaniambia nifungue boneti, akachomeka mkono kwenye ile plastiki nyeusi iliyo chini ya waipa, akatoa konzi ya majani yaliyooza. Akatoa ya pili. Alipofika ya saba kikaonekana kitundu.

Kumbe mvua yote inayoteremka kwenye kioo cha mbele huishia pale, na kitundu kile, na mwenzake wa upande wa pili, ndiyo njia yake ya kutokea chini. Majani yakiziba njia, maji hujaa kama kwenye karai, na jirani yao wa karibu ni tundu linaloingiza hewa ndani ya gari. Basi yanaingia huko, yanashuka miguuni pa abiria. Dakika kumi, bila spana, bila shilingi.

Mzee akanawa mikono kwenye ndoo yangu. "Gari hili unaliosha mwenyewe, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Wapo vijana pale barabarani."

"Ndiyo maana," akasema, akaenda zake.

Nimeitafuna ile "ndiyo maana" tangu siku hiyo. Sina ugomvi na vijana wa kuosha magari; wanafanya kazi ngumu kwa bei ya sahani ya chipsi mayai. Lakini wanalipwa ili ling'ae, na linang'aa kweli. Hakuna anayewalipa wajue kwamba wiki iliyopita tairi la nyuma kushoto lilikuwa limejaa na leo limenywea. Hilo atalijua aliyeligusa wiki iliyopita na anayeligusa leo. Tangu hapo naosha mwenyewe, na nitakueleza ninavyoosha.

Naanza chini. Ijumaa usiku nalaza boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya injini. Asubuhi nalivuta na kulisoma kama gazeti. Doa la maji matupu upande wa abiria, hasa kama umetoka kuendesha na kiyoyozi, halina neno. Ni jasho la kiyoyozi. Doa jeusi ni oili ya injini. Doa jekundu linaloteleza, basi ni gia au usukani. Tone lenye rangi ya kijani au ya pinki ni maji ya rejeta, yaani kulanti. Na ukiona unyevu wa mafutamafuta kwa ndani ya gurudumu, gari hilo lisitoke mpaka fundi aje, maana huenda ni mafuta ya breki, na hayo hayana mzaha. Gusa kwa kidole, nusa, lakini usionje. Kulanti ina utamu wake na ni sumu. Mbwa na paka hufa kwa kuilamba.

Sasa tuoshe. Kwanza kivuli. Gari lililosimama juani bati lake linachoma mkono, maji yanakauka kabla hujayafuta, na yanachoacha ni madoa meupe. Kwa sisi wa maji ya kisima madoa hayo ni mabaya zaidi. Unajua mwenyewe yale maji ya chumvi yanavyoifanya sufuria. Rangi ya gari nayo inafanywa vivyo hivyo. Kama una ndoo mbili tatu za maji ya mvua au ya bomba, zitunze za kusuuzia mwisho.

Pili, sabuni ya unga ya kufulia iache ifue. Imeundwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na juu ya rangi ya gari kuna nta inayoikinga, ambayo kwa sabuni ile ni mafuta tu kama mafuta mengine. Ukiosha kwa sabuni ya unga mwaka mzima, gari jeusi linakuwa na rangi ya mkaa uliolala. Shampuu ya magari chupa moja hukaa miezi, kwa sababu kinachohitajika ni kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima.

Na ndoo ziwe mbili. Hili watu hulicheka mpaka walione. Ndoo moja ina shampuu, nyingine maji matupu. Mwagia gari maji kwanza vumbi liondoke, kisha chovya dodoki kwenye shampuu, sugua kidogo, lisuuze kwenye maji matupu, ndipo urudi kwenye shampuu. Ukimaliza, tazama kitako cha ile ndoo ya maji matupu. Mchanga! Mchanga huo wote, kwa mtindo wa ndoo moja, ungekuwa unauzungusha juu ya boneti kwa mkono wako mwenyewe. Ile mikwaruzo ya duara duara inayoonekana jua likipiga gari la watu, kama utando wa buibui, mingi chanzo chake ndicho hicho. Na mingine, samahani, chanzo chake ni mlinzi. Alfajiri yule mzee wa getini, kwa mapenzi mema, anachukua kitambaa kikavu na kukufutia vumbi lote la usiku. Mshukuru, kisha mpe ndoo ya maji.

Anza juu, malizia chini. Magurudumu yawe na kitambaa chao peke yao, maana yana unga wa breki. Dodoki likianguka chini, lisuuze kabla halijarudi kwenye bati.

Hapa niseme neno kuhusu kunguru. Kunguru wetu hawa wenye shingo za kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka, na baadaye wakaenea mpaka huku bara. Kazi waliyopewa hawakuimaliza, wakajipa nyingine ya kuchafua magari. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini kinachofanya doa liume zaidi ni jua. Juu ya rangi kuna tabaka jembamba la vanishi. Jua likiipiga, inalainika na kutanuka. Jioni inapoa, inajikaza, na inajikaza ikifuata umbo la kile kilichokauka juu yake. Ndiyo maana ukilisugua doa la siku tatu unakuta limeacha kovu. Usisugue. Lowesha kitambaa, kifunike juu ya doa kama unavyomkanda mtu aliyeteguka, subiri dakika kadhaa, kisha lichukue kwa kuliinua. Utomvu wa mwembe nao mgumu, lakini wenye mwembe uani wameamua kuvumilia kwa ajili ya embe, siwezi kuwashauri.

Kama ulikwenda kuogelea Kigamboni au Bagamoyo na ukaegesha karibu na bahari, mpira wa maji upite chini ya gari siku hiyohiyo, kwenye madigadi na kwenye pembe zote. Chumvi haisubiri Jumamosi. Na wewe unayetafuta gari kutoka Japani, lala chini ulitazame tumbo lake kabla ya kutazama redio yake. Mengine yametoka sehemu za kaskazini kama Hokkaido, ambako wakati wa baridi chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Juu linameta, chini limeliwa.

Ukiwa umeinama kwenye milango, pitisha kidole kwenye ukingo wa chini. Kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikiziba kwa tope, mlango unakuwa tangi, na siku moja unaufunga unasikia maji yanacheza ndani. Kijiti cha kiberiti kinatosha.

Matairi sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Upepo hupimwa asubuhi kabla gari halijatembea. Ukiendesha, tairi linapata joto, hewa inatanuka, kipimo kinapanda. Anayepima baada ya safari ya Kibaha na kuanza kupunguza kwa sababu namba imezidi, kesho yake anaendesha tairi lililonywea. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho pembeni mwa mlango wa dereva. Tatizo ni kwamba kibandiko hicho ni cha Kijapani kama yule dada anayekusalimia kila ukiwasha gari. Kwa taarifa yako, dada yule hakusalimii. Anakukumbusha kwamba hujaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Lakini namba ni namba: tafuta palipoandikwa kPa. Ukikuta 220, hiyo ni 32 kwa kipimo cha fundi pancha wetu. Ukikuta 230, ni 33. Usikubali kujaziwa 40 kwa hoja kwamba barabara ni mbovu. Tairi lililojaa kupita kiasi linakanyaga kwa katikati tu, linalika hapo, na kwenye lami yenye maji linashika kidogo.

Pitisha kiganja juu ya tairi. Likiwa limeisha upande mmoja, gari linataka kupimwa magurudumu. Likiwa na uvimbe ubavuni, nyuzi za ndani zimekatika, na hilo halishonwi wala halizibwi, linatolewa. Kisha tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Zikisomeka 3516, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2016. Hapo ndipo wengi tunapopigwa. Tairi la mtumba linapakwa dawa ya kung'arisha, mifereji yake mirefu, unaambiwa "hili bado bichi, kaka", kumbe lina umri wa mtoto wa darasa la nne. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Baadhi ya viwanda vikubwa vya matairi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka likishapita miaka 5, na likifika miaka 10 liondolewe hata kama kwa macho halina kasoro. Kipara kila mtu anakiona, trafiki naye anakiona. Uzee unasomwa.

Na tairi la akiba lina ndugu? Lipime nalo. Wengi hukutana nalo mara ya kwanza usiku, Chalinze, likiwa limelala kama chapati.

Haya, fungua boneti. Injini iwe imezimwa na imepoa, gari likiwa pasipo mteremko. Vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kivute tena. Usomaji wa mara ya kwanza huwa muongo. Oili iwe kati ya alama mbili. Kuwa nyeusi si kosa, ndiyo kazi yake, inabeba uchafu. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, funga boneti, usiwashe, mwite fundi: maji yameingia mahali pasipo pake. Na usiruhusu mtu akumiminie oili nzito eti gari limezeeka. Injini nyingi za magari yetu haya madogo zimetengenezwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, zina vijinjia vyembamba ambavyo oili nzito huchelewa kuvifikia asubuhi. Kitabu cha gari kinasema. Kama ni cha Kijapani, namba hizo zimeandikwa vilevile.

Rejeta ndiyo imezika injini nyingi za jiji hili, na imezizika kwa maji ya bomba. Mtu anaona kiwango kimeshuka, anaongeza maji. Kesho anaongeza tena. Anajisifu kwamba anatunza gari. Msikilizaji, mfumo ule umefungwa. Maji hayatakiwi kupungua. Yakipungua yanakwenda mahali, na kazi yako ni kujua wapi. Halafu maji ya kisima yana chumvi, yana chokaa. Yanajenga ukoko ndani ya rejeta kama ule wa birika la chai, na kutu inaanza kula alumini. Kulanti ina dawa ya kuzuia hayo na pia huchelewa kuchemka. Nunua iliyokwishachanganywa, au uchanganye na maji yasiyo na madini, nusu kwa nusu. Kijani na pinki usizichanganye.

Magari mengi madogo hayana hata mshale wa joto. Yana taa ya bluu asubuhi injini ikiwa baridi, na taa nyekundu siku ya msiba. Katikati hapo hakuna habari. Kwa hiyo jicho lako kwenye lile kopo la plastiki la kulanti, Jumamosi kwa Jumamosi, ndilo mshale wako. Na taa nyekundu ikiwaka kwenye foleni, toka pembeni, zima, kaa kivulini nusu saa au zaidi. Usiguse kile kifuniko. Maji yaliyo chini yake yamebanwa kwa shinikizo, yanaweza kufika nyuzi 120 bila kuchemka, na ukifungua tu yanachemka yote kwa mara moja, usoni mwako. Wala usimwage maji baridi juu ya injini inayowaka, chuma kinapasuka.

Kuna desturi ya mafundi wetu nisiyoipenda. Gari likichemka, wanatoa temostati na kuitupa: "Huku kwetu joto, bosi, hii ni ya Ulaya." Temostati ni mlango unaobaki umefungwa mpaka maji ya injini yafike karibu nyuzi 82, ndipo unafunguka. Injini inataka joto hilo ili iunguze petroli vizuri. Ukiung'oa mlango, injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta zaidi, na lile tobo lililosababisha kuchemka liko palepale linakungoja.

Mafuta ya breki yana kopo lake karibu na kioo upande wa dereva. Kiwango kinashuka polepole kadiri pedi zinavyolika. Kikishuka ghafla, kuna mvujo. Hayo hunywa unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani unaijua, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Yakidondokea rangi, mwagia maji upesi, yanaibambua. Betri nayo ukiiona ina unga mweupe au wa kijani-bluu kwenye vichwa, chukua magadi kijiko kimoja, koroga kwenye maji ya moto, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza, kausha, paka mafuta ya mgando. Ukifungua, anza na kichwa hasi. Ukifunga, malizia na hicho hicho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bati, utaona radi.

Kichujio cha hewa kikung'ute vumbi, usikioshe, ni karatasi. Kuna kingine kidogo nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, kinachochuja hewa ya kiyoyozi. Mimi cha kwangu nilikikuta na manyoya ya kuku. Sina maelezo.

Na ukishafungua boneti, usishawishike kupiga injini maji ya presha. Juu ya plagi kuna koili, pembeni kuna altaneta na vihisio, na maji ya presha hupenya hata ambako mvua haijawahi kufika. Gari linatoka kwenye kuoshwa linang'aa, kwenye taa za kwanza linaanza kumisi. Kitambaa chenye unyevu na brashi vinatosha. Wale wanaopulizia mafuta ya taa au dizeli chini ya gari ili chasisi iwe nyeusi nzuri, wajue mpira na mafuta hayo haviivi chungu kimoja. Bushi zinavimba, zinalainika, mwezi wa tatu gari linagonga.

Ndani sitakuchelewesha. Toa kapeti, kung'uta, pitisha brashi kwenye reli za viti. Mkanda unaochelewa kurudi una uchafu wa miaka. Uvute wote, ufute kwa maji ya sabuni, uache ukauke ukiwa nje. Dawa ya kung'arisha ipake kwenye plastiki ukipenda, lakini isiguse usukani wala pedali. Niliwahi kukanyaga breki zilizong'arishwa, mguu ukaenda kwenye mafuta. Ilikuwa uani, kwa bahati. Aliyeumia ni ndoo.

Taa za mbele zikiwa za njano, dawa ya meno na kitambaa chenye unyevu vitazirudishia nuru. Ni ya miezi michache tu, kwa sababu ile ngozi iliyokuwa ikizikinga na jua imeshakwisha, lakini miezi michache ya kuona usiku si haba. Taa za breki usimsubiri trafiki akuambie. Usiku rudisha gari nyuma mpaka karibu na ukuta, kanyaga, tazama wekundu kwenye vioo vya pembeni. Vioo hivyo, natumaini, umeshaviandika namba ya gari, maana wenzetu wa usiku wanavipenda.

Limebaki moja, oili chafu, kwa nyinyi mnaobadilisha wenyewe nyumbani. Isiende mtaroni. Mtaa mzima unakunywa visima. Mimi naiweka kwenye galoni, na mzee jirani yangu huja kuichukua. Anapaka nguzo za banda lake la kuku, mchwa wasizile. Jumamosi iliyopita alikuja na kopo lake. Kabla hajalijaza akainama, akashika goti, akatazama chini ya gari langu.

"Pana tone hapa."

"La kiyoyozi, mzee. Nimetoka kuliendesha sasa hivi."

"Umeligusa?"

"Nimeligusa."

Akajaza kopo lake.